JIGI ILIYO SAWA HAIOMBI MKONO WAKO

Ukurasa wa Usalama na Afya



Mara hii tunazungumza juu ya mashini. Labda mtauliza: msaidizi wa mganga ana neno gani juu ya mashini? Kazi yake si sindano na bandeji? Ni kweli. Lakini jeraha linaloletwa dispanseri limetoka mahali fulani, saa fulani, na kwa sababu fulani. Sisi wa dispanseri tunaona mwisho wa habari tu. Tukitaka habari hiyo isirudi tena, inatupasa kwenda mpaka kwenye mwanzo wake.

Mashini tunayoisema leo ni jigi, ile inayotenganisha kasiterite na mchanga kwa nguvu ya maji. Kila tunapouliza mtu aliyeumizwa na jigi mambo yalianza vipi, jibu linafanana: kitu kiliziba, au kitanda kilikuwa kigumu, au mkanda uliteleza, naye akataka kuisaidia mashini kwa mkono wake. Ni mara chache mtu aumizwe na jigi inayofanya kazi vizuri, kwa sababu jigi ya namna hiyo haina haja ya kuguswa. Kwa hiyo yule anayejua jigi inavyofanya kazi, na kuiweka sawa tangu asubuhi, amekwisha kulinda vidole vyake.

JIGI NI NINI?

Mama anayeosha mchele anajua jigi bila kuiona. Anatia mchele na maji katika beseni, anatikisa, anainua, anashusha. Mchele unaelea kidogo, vijiwe vinakwenda chini. Anamimina mchele polepole, vijiwe vinabaki. Jigi inafanya kazi ileile, lakini kwetu kitu cha thamani ndicho kinachobaki chini, na kinachomiminwa ni cha kutupwa.

Kazi hii ni ya zamani sana. Mwaka 1556 kilitolewa kitabu cha Georgius Agricola, mganga wa Ujerumani aliyeishi kati ya wachimba madini, na ndani yake ameeleza watu wanaotikisa chekeche kwa mkono ndani ya pipa la maji ili madini yashuke chini. Mwaka huo mikono ndiyo iliyotikisa chekeche. Leo mota inatikisa maji, lakini fikira ni ileile.

Hapa kwetu Kivu na jirani yetu Maniema, kasiterite ndiyo iliyowafanya watu wengi wajue kazi ya kampuni. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za zamani ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika dunia nzima, na kazi ya kampuni ikapungua sana. Watu wengi walirudi kwenye beseni, sepetu na mto. Mwaka 2019 kiwanda cha Bisie, katika eneo la Walikale, kilianza kutoa kasiterite kwa mashini, nacho kinatenganisha madini kwa uzito. Njia ya uzito inatumika katika kiwanda kikubwa, na inatumika pia katika kazi ndogo yenye jigi moja iliyochomelewa na fundi wa mtaani. Tofauti ni kwamba jigi ndogo mara nyingi haina vifuniko vya kulinda watu. Mambo tunayoeleza hapa ni kwa wote wawili.

KWA NINI KASITERITE INASHUKA?

Shika jiwe la kasiterite mkono mmoja, na mkono wa pili jiwe jeupe la kwarizi lenye ukubwa uleule. Utasikia tofauti mara moja. Kama tungekuwa na kasiterite iliyo ngumu tupu ya kujaza chombo cha lita 1, ingekuwa na uzito wa kilo 7 hivi. Kwarizi ya kujaza chombo hicho ni kilo 2 na gramu 650. Kasiterite imeizidi kwarizi mara 2 na nusu na zaidi kidogo.

Sasa vitie vyote viwili majini. Maji yanabeba sehemu ya uzito wa kila kitu. Katika kila lita yanabeba kilo 1. Kasiterite inabaki na kilo 6, kwarizi inabaki na kilo 1 na gramu 650. Tazama: ndani ya maji kasiterite imeizidi kwarizi zaidi ya mara 3 na nusu. Maji yameongeza tofauti. Ndiyo sababu tunaosha, hatupepeti hewani.

Lakini kuna shida moja. Jiwe kubwa la kwarizi na chembe ndogo ya kasiterite, vikiachwa vianguke mbali ndani ya maji, vinaweza kufika chini pamoja, maana ukubwa wa kwarizi unaisaidia kushuka haraka. Hapo jigi inaonyesha akili yake. Haiviachi vianguke mbali. Inaviinua kidogo, inaviacha vishuke kidogo, halafu inaviinua tena, mara nyingi kwa kila dakika. Katika mwanzo wa kuanguka, uzito wa kitu ndio unaohesabiwa kuliko ukubwa wake. Hivyo kila pigo linaipa kasiterite nafasi ya kutangulia kidogo, na mapigo mengi madogo yanaifikisha chini.

Kwa sababu hiyo pia mchanga unapitishwa kwanza kwenye chekeche, ili vikubwa viende na vikubwa, na vidogo na vidogo. Anayemwaga udongo wa kila ukubwa pamoja, na magongo ya udongo mfinyanzi ambayo hayakuvunjwa, anaitafutia jigi ugonjwa.

Kumbukeni tena kwamba koltani ni nzito karibu kama kasiterite. Zikiwa katika udongo mmoja, jigi itazishusha pamoja. Kazi ya kuzitenganisha ni ya sumaku baadaye, kwa kuwa koltani inavutwa na sumaku yenye nguvu, na kasiterite haivutwi. Usiilaumu jigi, wala usiitikise zaidi, kwa kazi isiyo yake.

MWILI WA JIGI

Jigi ni sanduku la maji. Katikati kuna wavu wa chuma. Juu ya wavu kuna tabaka la mipira ya chuma au mawe mazito, makubwa kuliko matundu ya wavu, ili yasianguke. Tabaka hilo pamoja na mchanga ulio juu yake tunaliita kitanda. Chini ya wavu kuna sanduku la chini, ambalo linapungua upana kama funeli mpaka kwenye bomba la kutolea madini.

Pembeni au chini kuna kiwambo cha mpira. Kiwambo hicho ndicho moyo wa jigi. Kinasukumwa na kuvutwa na mkono wa chuma, na mkono huo unaendeshwa na gurudumu lililotobolewa kando ya katikati yake. Ndiyo maana kila likizunguka, linasukuma kisha linavuta. Gurudumu linapata mwendo kutoka kwa mota kwa njia ya mkanda na puli.

Kiwambo kikisukuma, maji yanapanda na kitanda kinafunguka. Kikivuta, maji yanarudi na kitanda kinajifunga. Kasiterite inapita kati ya mipira, inapita matundu ya wavu, inaanguka katika sanduku la chini. Mchanga mwepesi unabaki juu na kusukumwa na maji mpaka mwisho wa sanduku, unatoka kama mabaki.

MAMBO MANNE YA KUWEKA SAWA

La kwanza, pigo. Kwa mchanga mkubwa, pigo liwe refu na la polepole. Kwa mchanga mdogo, pigo liwe fupi na la haraka. Jigi nyingi za kiwambo zinapiga kati ya mara 100 na 300 kwa dakika. Pigo likiwa dogo mno, kitanda hakifunguki. Likiwa kubwa mno, kitanda kinachemka kama ugali kabla haujashika, na kila kitu kinachanganyika.

La pili, maji ya chini. Haya ni maji yanayoingia chini ya wavu kwa robine. Yanapunguza nguvu ya kuvuta. Yakiwa machache, jigi inanyonya mchanga mtupu mpaka kwenye sanduku la chini, na bomba linaziba. Yakiwa mengi mno, yanainua chembe ndogo za kasiterite na kuzipeleka kwenye mabaki. Hapo kazi ya mchana kutwa imekwenda mtoni.

La tatu, tabaka la mipira. Likiwa jembamba, mchanga mwingi unapita chini. Likiwa nene, kasiterite inashindwa kupita. Mipira iliyochakaa na kuwa midogo inaingia katika matundu ya wavu na kuyaziba. Ikaguliwe jigi ikiwa imesimama na kufungwa, si wakati inapiga.

La nne, chakula cha jigi. Mchanga uingie kwa kipimo kimoja, kama mama anavyomlisha mtoto. Anayemwaga beseni tano mara moja, kisha akakaa kuzungumza, ataiona jigi imekabwa.

Ukiona dalili moja katika hizi, jua kwamba jigi inaumwa:

— kitanda hakichezi, kimekuwa kigumu kama sakafu;
— sehemu moja ya kitanda inachemka na nyingine imelala, maana yake wavu umeziba au umetoboka;
— bomba la chini linatoa maji matupu, au halitoi kitu;
— mabaki yana rangi nyeusi, maana yake kasiterite inapotea;
— mkanda unalia au unanuka mpira ulioungua.

Jigi ikiumwa, mtie habari kapita au fundi. Usianze kuitibu huku inapiga.

Kuna wazee wa kazi ambao wanapima kitanda kwa vidole. Wanasema vidole vinasikia kama kitanda kiko hai. Tunaheshimu ujuzi wao, nao wametufundisha mengi. Lakini kijiti cha mbao chenye urefu wa mkono kinasikia vilevile: kisimamishe polepole katika kitanda, upande ulio mbali na mkanda. Kitanda kizuri kinakipokea kijiti kila pigo na kukishika kidogo kila mvuto. Kijiti kikikatika, tutachonga kingine.

MKONO UNAPOTEA WAPI?

Kwenye jigi kuna mahali patatu pa hatari: pale mkanda unapoingia kwenye puli, pale mkono wa chuma unapopanda na kushuka, na penye kiwambo. Mahali hapo panavuta. Nguo ikishikwa, mkono unafuata.

Watu wengi husema, "Mimi nina macho mepesi, nitautoa mkono." Tufanye hesabu. Mota nyingi za umeme wa kwetu zinazunguka karibu mara 1450 kwa dakika, yaani mara 24 kwa sekunde 1. Mtu mzima mwenye afya, tangu jicho lione hatari mpaka mkono uanze kusogea, anahitaji karibu robo ya sekunde. Katika robo hiyo puli ya mota imezunguka mara 6. Kabla hujaanza kuvuta mkono, mashini imekwisha kazi yake. Tena huo ni mwili uliolala vizuri. Mwili wa saa kumi za usiku, au ulioamka na pombe, unachelewa zaidi.

Sasa tusemeni juu ya hatari ambayo sisi wa Goma na vijiji vya pembeni tunaijua mno: umeme kukatika. Umeme unakatika, jigi inasimama, kimya kinaingia. Mtu anasema moyoni, "Hii ndiyo nafasi ya kuzibua bomba." Anapenyeza mkono chini, karibu na mkanda. Umeme unarudi. Swichi haikuzimwa, ilibaki pale ilipokuwa. Jigi inaanza kupiga bila kumwita mtu.

Mfanyakazi mmoja wa namna hiyo aliletwa kwetu kutoka kazi ndogo ya kuosha madini. Ni baba wa watoto wanne. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kuume. Alituambia neno ambalo hatulisahau: "Mashini ilikuwa imekufa." Hapana, ndugu. Mashini iliyokatikiwa umeme inalala tu. Hakuna ajuaye itaamka saa ngapi.

Kuna swichi za namna nyingine, ambazo umeme ukikatika zinajizima zenyewe, na umeme ukirudi lazima mtu abonyeze upya. Wakubwa wa kazi wanaonunua mota, wakumbuke kununua swichi ya namna hiyo. Bei yake ni ndogo kuliko kidole.

HATUA SABA KABLA YA KUTIA MKONO

1. Zuia mchanga usiingie, na iache jigi ipige kidogo ili kitanda kipungue.

2. Waambie wenzako wote wa ekipi kwa sauti: "Nasimamisha jigi!" Ngoja wajibu.

3. Zima mota, kisha zima swichi kubwa ya umeme. Kuzima kifungo cha jigi peke yake hakutoshi.

4. Funga swichi kubwa kwa kufuli, ile tunayoiita kadena, na ufunguo uutie katika mfuko wako mwenyewe. Kama watu wawili wanafanya kazi, ziwe kufuli mbili, kila mtu na ufunguo wake. Pasipo kufuli, ondoa fyuzi ukae nazo, na mtu mmoja asimame penye swichi asiondoke.

5. Jaribu kuwasha. Jigi isipowaka, ndipo unajua kweli kwamba imefungwa. Rudisha kifungo mahali pa kuzima.

6. Funga robine ya maji, toa maji yaliyobaki, na ungoje mpaka kila kitu kitulie. Uzito wa maji na mchanga unaweza kukisogeza kiwambo na mkono wa chuma hata kama mota imezimwa.

7. Sasa fanya kazi yako. Bomba lizibuliwe kwa maji ya nguvu au kwa fimbo, mkono uwe wa mwisho.

Ukimaliza, hesabu vyombo vyako, rudisha vifuniko vya mkanda, hesabu watu, ndipo aliyefunga kufuli aifungue yeye mwenyewe. Asitumwe mwingine. Jigi isiyo na kifuniko cha mkanda isiwashwe hata kwa dakika moja.

Wengine husema hatua hizi zinapoteza wakati. Zikizoeleka ni dakika chache. Kidonda cha mkono kinapoteza wiki nyingi, na kidole kilichokatika hakirudi. Haraka haraka haina baraka.

AJALI IKITOKEA

Mkono ukishikwa na mashini, zima umeme kwanza. Usivute mkono wa mwenzako kwa nguvu, wala usiirudishe mashini nyuma kwa mota. Fundi alegeze mkanda, na puli izungushwe polepole kwa mkono.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse kabla umeme haujazimwa. Sakafu ya jigi ni maji matupu, nawe utashikwa pamoja naye.

Damu ikitoka, chukua kitambaa safi, kandamiza juu ya kidonda kwa nguvu, na uinue mkono juu ya kifua. Kandamiza dakika 10 bila kufungua kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Damu ikiruka na kukataa kusimama, funga kitambaa kipana kwa nguvu sana juu ya kidonda, upande wa mwilini, andika saa uliyofunga, na usilegeze mpaka hospitali. Usitie udongo, mafuta, majani, kahawa wala mavi ya ng'ombe juu ya kidonda.

Kidole kikikatika kabisa, kitafuteni. Kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kisha katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu au maji baridi kama yapo. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala kisiloweshwe majini. Kiende pamoja na mgonjwa. Si kila mara mganga ataweza kukirudisha, lakini kilichobaki porini hakirudishwi kamwe.

Kidonda chenye matope, hata kikiwa kidogo, kinaweza kuleta pepopunda. Njoo dispanseri siku ileile upate sindano, na ueleze ulichanjwa lini. Usingoje taya zikaze.

MAJI, MIGUU NA MGONGO

Jigi inakula maji mengi, na mfanyakazi wake anasimama ndani ya maji hayo. Miguu inayolowa kutwa inalainika, ngozi inapasuka, na kuvu inaota kati ya vidole. Vaa viatu vya mpira visivyotoboka. Ukirudi, osha miguu kwa sabuni, kausha vizuri kati ya vidole, na uache viatu wazi vipate hewa. Sakafu isafishwe kila ekipi, maana mchanga na maji vinateleza kama ganda la ndizi, na mtu anayeteleza karibu na jigi hushika kitu cha kwanza kilicho mbele yake. Kitu hicho kisiwe mkanda.

Maji yaliyosimama nyuma ya jigi ni kambi ya mbu. Yapewe njia yapite, au shimo lifukiwe. Maji yanayotoka jigini si ya kunywa, si ya kupikia, wala si ya watoto kuogelea.

Juu ya mgongo, kumbukeni hesabu ya kasiterite. Mtoto wa Goma anajua bidoni ya lita 20 iliyochotwa Ziwa Kivu: ni kilo 20. Bidoni hiyohiyo ikijazwa kasiterite iliyosafishwa inaweza kufika kilo 70 na zaidi. Mfuko unaonekana mdogo, lakini mgongo haudanganyiki. Jaza nusu au chini ya nusu. Piga magoti, usiiname. Bebeni wawili. Safari ikiwa ndefu, tumieni kigari au chukudu. Chukudu ilitengenezwa kwa kazi hiyo.

VUMBI NA MIFUKO NYUMBANI

Jigi yenyewe ni ya maji, kwa hiyo haina vumbi kubwa. Vumbi liko kabla yake, mahali pa kuponda mawe, na liko baada yake, mahali pa kukausha na kupitisha madini kwenye sumaku. Vumbi la kwarizi ni dogo mno, halionekani lote kwa macho, linaingia mpaka ndani ya mapafu na kukaa huko. Baada ya miaka linaleta silikosisi. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa, tena unaufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Mwagia mawe maji kabla ya kuyaponda. Usifagie kwa ufagio mkavu. Kitambaa cha mdomo cha kawaida hakizuii vumbi hilo. Omba kinyago cha vumbi. Kikohozi kilichopita wiki 2 kije dispanseri, makohozi yapimwe.

Ninyi mama, nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Zitiwe majini kwanza, zifuliwe peke yake. Na mifuko ya madini isiwekwe chini ya kitanda wala katika chumba cha watoto. Koltani mara nyingi ina uranium na thorium kidogo ndani yake, vitu vinavyotoa mionzi isiyoonekana wala kunukia. Mfuko uliopita nyumbani siku moja hautaua mtu, lakini kuulalia mwezi baada ya mwezi si jambo la akili. Madini yana ghala yao, watoto wana chumba chao.

NENO KWA NYUMBA NZIMA

Usalama wa jigi unaanza nyumbani asubuhi. Baba aliyelala vizuri na kula kidogo kabla ya kwenda, macho yake yako wazi. Mama, au wewe mtoto mkubwa, mtazame kabla hajatoka: pete ameivua? Mikono ya shati imefungwa? Kitambaa cha shingoni hakining'inii? Maneno hayo ni ya dakika moja, wala hayamvunjii heshima.

Na wewe kijana unayeanza kazi, usione haya kusema, "Mzee, tufunge kufuli kwanza." Mkubwa wa kweli atakushukuru.

Kateni sehemu hii mwibandike karibu na jigi:

Angalia chakula, maji, pigo na kitanda kila saa.
Jigi ikiumwa, isimamishe.
Umeme ukikatika, zima swichi kwanza.
Funga kufuli, weka ufunguo mfukoni, jaribu kuwasha.
Fimbo kabla ya mkono.
Vifuniko mahali pake, ndipo uwashe.

Kama neno moja katika ukurasa huu halikueleweka, pita dispanseri wakati wowote tukuelezee. Mlango wetu ni wazi hata kwa mtu asiye mgonjwa, na huyo ndiye tunayependa kumpokea zaidi.

Kazi njema, na mrudi nyumbani na vidole vyote kumi.